Beki wa FPL apimwe siku timu yake imefungwa

Kila Agosti, kabla ligi ya England haijaanza, mamilioni ya watu hushika simu kupanga vikosi vya Fantasy Premier League. Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala ligi za marafiki huundwa upya kwenye makundi ya WhatsApp, na mabishano karibu yote huwa juu ya washambuliaji na nani avae unahodha. Mabeki hujazwa mwishoni, kwa fedha iliyobaki, na kwa kigezo kimoja: timu gani ilipata klinshiti nyingi, yaani mechi bila kufungwa, msimu uliopita. Kigezo hicho kinaonekana cha busara, maana beki kazi yake ni kuzuia, na timu inayozuia vizuri humlipa. Lakini kinatanguliza jambo lisilotabirika na kulisahau linalotabirika. Beki anatakiwa kupimwa kwanza kwa pointi anazoleta siku ambayo timu yake imeruhusu bao, kwa sababu hata kwenye timu bora siku hizo kwa kawaida ndizo nyingi. Arsenal ya 2023/24 ilikuwa na ulinzi mgumu kuliko timu zote, ikafungwa mabao 29 tu na kupata klinshiti 18. Hesabu hiyo inaacha mechi 20 ambazo wenye mabeki wa Arsenal walikosa pointi 4 za klinshiti, na swali la maana ni nani kati ya mabeki wale aliendelea kulipa ndani ya mechi hizo 20.

Pointi za beki zina vyanzo vichache. Akicheza dakika 60 au zaidi anapata 2, chini ya hapo 1. Timu isipofungwa naye akiwa amefikisha dakika 60, anapata 4. Bao lake lina pointi 6, zaidi ya bao la kiungo lenye 5 na la mshambuliaji lenye 4. Asisti ni 3. Kila mabao mawili timu inayofungwa humkata 1, kadi ya njano humkata 1, nyekundu 3. Juu ya hapo kuna bonasi ya pointi 1 hadi 3 kwa waliofanya vizuri zaidi katika mechi. Msimu wa 2025/26 ukaongeza kifungu kilichobadilisha soko lote la mabeki: beki akifikisha matukio 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani jumla ya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kukatiza pasi na kunyang'anya mpira, anapata pointi 2. Akifanya matukio 20 bado ni 2, na akifanya 9 hapati kitu. Kwa mara ya kwanza beki wa kati mwenye kazi nyingi alikuwa na mapato yasiyotegemea wenzake kumi kutofanya kosa.

Hapo ndipo udhaifu wa klinshiti unapoonekana. Klinshiti ni mali ya timu nzima, ya kipa, ya kiungo mkabaji, ya mwamuzi aliye kwenye VAR, na ya mshambuliaji wa upande wa pili aliyepiga mwamba. Hesabu nyepesi ya uwezekano inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Timu inayofungwa kwa wastani bao 1 kwa mechi, yaani mabao 38 kwa msimu, inatarajiwa kutofungwa katika asilimia kama 37 ya mechi, ambazo ni 14. Timu inayofungwa bao moja na nusu, mabao 57 kwa msimu, inatarajiwa kupata kama mechi 8 au 9. Baina ya ulinzi wa timu ya nne bora na ulinzi wa timu ya katikati ya msimamo kuna klinshiti tano na nusu tu, pointi 22 kwa mechi 38. Ukiongeza makato ya kila mabao mawili, ambayo kwa hesabu hiyohiyo ni kama pointi 9 zaidi kwa timu dhaifu, pengo lote ni kama pointi 31. Si dogo, na sitalidharau. Lakini ndilo pengo ambalo watu hulilipia milioni moja hadi moja na nusu kwa kila beki, katika bajeti ya milioni 100 inayotakiwa kununua wachezaji 15.

Na hilo ni pengo la makaratasi, linalodhani kwamba tunajua mapema timu ipi itafungwa mabao 38 na ipi 57. Historia ya karibuni haitupi haki ya kujiamini hivyo. Msimu wa 2022/23 David de Gea alitwaa tuzo ya kipa mwenye klinshiti nyingi, 17, akiwa na Manchester United. Timu hiyohiyo ilifungwa mabao 43, na 17 kati ya hayo yaliingia katika mechi tatu tu: 4 kwa Brentford, 6 kwa Manchester City na 7 kule Anfield. Mabao yalirundikana sehemu chache, mechi nyingine zikabaki safi, na jumla ya klinshiti ikaificha safu iliyokuwa ikivuja. Msimu uliofuata United ilifungwa mabao 58. Newcastle inafundisha zaidi, kwa kuwa ulinzi wake wa 2022/23 haukuwa wa kubahatisha. Ilifungwa mabao 33, sawa na mabingwa City, na Kieran Trippier akamaliza na pointi 198, juu ya mabeki wote wa FPL. Mwaka uliofuata ikaja Ligi ya Mabingwa, Nick Pope akateguka bega, Sven Botman akaumia goti, na mabao ya kufungwa yakapanda hadi 62. Aliyemnunua beki wa Newcastle kwa sababu ya mabao 33 alinunua kitu ambacho kilikuwa kimekwisha.

Mfano mkali kuliko yote ni wa Burnley. Msimu wa 2024/25, kwenye ligi ya daraja la pili, walicheza mechi 46 wakafungwa mabao 16 pekee, wakapata klinshiti 30. Takwimu hiyo ilisambaa sana Agosti 2025, na mabeki wao wa bei ya chini wakaonekana kama fursa. Siku ya kwanza wakaenda Tottenham wakafungwa 3-0. Hakukuwa na siri yoyote ndani yake: washambuliaji wa ligi kuu humalizia nafasi ambazo wa daraja la pili huzipoteza, na timu inayomiliki mpira kule chini hujikuta huku juu ikikimbizana nao. Nottingham Forest, kwa upande mwingine, iliponea chupuchupu kushuka 2023/24, kisha mwaka uliofuata Matz Sels akagawana na David Raya wa Arsenal tuzo ya klinshiti, 13 kila mmoja. Wachache waliokuwa na Murillo au Nikola Milenković tangu mwanzo walivuna, ila klinshiti za nyuma zisingewapeleka huko.

Sasa tazama kazi binafsi ya beki kwa karibu. Timu iko mbele 1-0, dakika ya 80, wapinzani wanamimina krosi. Krosi ya kwanza inaingia, beki wa kati anapiga kichwa nje ya boksi: tukio moja. Mpira unamwangukia kiungo, anapiga shuti, beki anaweka mguu: la pili. Unarudi kwa winga, winga anajaribu kupenyeza pasi ya chini, beki ameisoma na kuikata: la tatu. Sekunde thelathini hazijapita. Hata kama dakika mbili baadaye wapinzani wanasawazisha kwa penalti na klinshiti ya watu wote inayeyuka, matukio yale matatu yanabaki kwenye hesabu yake. Ndiyo maana beki anayetolewa dakika ya 75 hupoteza kuliko inavyodhaniwa. Robo saa ya mwisho ndiyo yenye krosi nyingi na mipira mirefu.

Kizingiti cha 10 kina tabia ambayo wengi hawaioni wanapotazama wastani. Tukitumia hesabu ya kawaida ya uwezekano, beki mwenye wastani wa matukio 6 atafikisha 10 katika mechi kama 3 kati ya 38. Mwenye wastani wa 8 atafika mara 11 hivi. Mwenye wastani wa 10 atafika mara 20 au 21, na mwenye 12 mara 29. Kwa pointi ni 6, 22, 41 na 58. Mechi halisi hutofautiana kuliko hesabu hii inavyodhani, kwa kuwa kuna siku timu inashambuliwa mchana kutwa na siku haiguswi, lakini sura ya jambo inabaki: tofauti ya matukio manne kwa mechi, ambayo machoni pa mtazamaji ni vichwa viwili na miguu miwili, ina thamani ya pointi 35 kwa msimu. Hiyo inazidi pengo zima la pointi 31 kati ya ulinzi mzuri na wa wastani.

Nani hufikia huko? Karibu wote ni mabeki wa kati, na si mabeki wote wa kati. Katika kila jozi kuna anayeufuata mpira na kuna anayefunika nyuma yake. Arsenal ni darasa zuri: Gabriel Magalhães huruka na kugombana, William Saliba husoma mchezo na kumaliza hatari kabla haijawa tukio la kuhesabiwa. Saliba ni beki wa kiwango cha juu kabisa duniani, na bado kanuni hii haimtendei haki. FPL hailipi hatari iliyozimwa kwa kusimama mahali sahihi. James Tarkowski wa Everton ni kinyume chake, beki ambaye maisha yake yote ya ligi kuu, tangu Burnley ya Sean Dyche, yamekuwa ya kuondosha mipira ndani ya boksi. Marcos Senesi wa Bournemouth alionyesha mapema msimu wa 2025/26 kwamba hata timu inayokaba kwa kasi mbele inaweza kumpa beki wa kati kazi nyingi, kwa sababu wapinzani waliobanwa hupiga mipira mirefu na yeye ndiye anayeisubiri. Mabeki wa pembeni hufika mara chache zaidi. Hata Aaron Wan-Bissaka, ambaye kwa kunyang'anya mpira miguuni mwa winga ana wachache wa kulingana naye, hana wingi ule wa vichwa ndani ya boksi unaojaza hesabu.

Pingamizi la kwanza linakuja hapo hapo, nalo ni zito: beki hufanya kazi nyingi kwa sababu timu yake inashambuliwa sana, na timu inayoshambuliwa sana hufungwa. Kwa hiyo pointi 2 za ulinzi ni fidia ya klinshiti aliyoikosa, na mwisho wa mwaka mizani inalingana. Pingamizi hili ni sahihi nusu. Ni kweli kwamba beki wa timu inayoburuza mkia hurudisha kwa mkono wa kushoto alichopokea kwa wa kulia, na katika timu inayofungwa mabao 75 hakuna wingi wa vichwa utakaomwokoa, maana bonasi nayo huwafuata wenye klinshiti. Lakini uhusiano kati ya kazi na kufungwa haujanyooka. Kuna timu zinazokubali krosi kwa makusudi kwa sababu zina mabeki warefu, zikizuia mashuti ya karibu na kuacha wapinzani wapige mipira ya juu isiyo na madhara. Forest ya Nuno Espírito Santo ilijenga msimu mzima wa 2024/25 hivyo, ikamaliza ya saba. Kwenye timu ya namna hiyo kazi nyingi na mabao machache huishi nyumba moja, na hapo ndipo meneja wa FPL anapaswa kutafuta. Kigezo rahisi ni kulinganisha idadi ya krosi na mashuti ambayo timu inaruhusu na mabao yanayotarajiwa dhidi yake, takwimu ambayo FPL yenyewe huionyesha tangu 2022/23. Mashuti mengi yenye thamani ndogo ni habari njema kwa beki wa kati. Mashuti machache ya ana kwa ana na kipa ni habari mbaya kwa kila mtu.

Pingamizi la pili linatoka kwa waliocheza mchezo huu tangu zamani, nao wana kumbukumbu tamu. Andrew Robertson alipata pointi 213 mwaka 2018/19. Trent Alexander-Arnold alipata 210 msimu uliofuata na 208 mwaka 2021/22. Hawakuwa wanaondosha mipira. Walikuwa wanamimina krosi. Je, hoja ya kazi ya ulinzi haiwatupi nje mabeki bora waliowahi kuwepo? Haiwatupi, kwa sababu kipimo ni kile kile. Trent alitoa asisti 12 mwaka 2018/19, 13 mwaka 2019/20 na 12 tena 2021/22. Alipiga kona, alipiga faulo, na Liverpool nzima ilijengwa ili mpira umfikie upande wa kulia akiwa na nafasi. Siku Liverpool ilipofungwa 2-1 au kushinda 4-2, yeye bado alikuwa na njia ya kupata pointi. Ubora wake kwa FPL ulikuwa hasa kwamba hakuhitaji klinshiti. Kosa ni kumnunua beki wa pembeni kwa jina la nafasi yake badala ya kazi aliyopewa. Makocha wengi sasa huwaingiza mabeki hao katikati wakati timu ina mpira, na beki aliyekuwa akipiga krosi nane anakuwa kiungo wa tatu anayepiga pasi za mita tano. Akiwa hapigi mipira iliyokufa, haingii boksini na hafikishi matukio 10, basi hata akiwa wa bingwa mtarajiwa ni tiketi ya klinshiti tu, na yenye bei kubwa.

Mabao ya mabeki yanahitaji uangalifu wa aina yake, kwa sababu ni pointi 6 zinazoingia ghafla na kupandisha bei ya mchezaji usiku mmoja. Jurriën Timber alifunga mawili Arsenal ilipoichapa Leeds 5-0 Agosti 2025, na foleni ya wanunuzi ikafuata. Bao moja au mawili ni ushahidi hafifu. Ushahidi mzito ni wa aina ya Gabriel: mabao 5, 3, 4 na 3 katika misimu minne ya ligi kuanzia 2021/22, kipindi ambacho kocha Nicolas Jover alikuwa akipanga kona za Arsenal. Hapo kuna utaratibu unaorudiwa, kuna mpigaji mahiri wa kona, na kuna mchezaji ambaye amepangiwa kuwa wa kwanza kuufikia mpira. Milenković naye alifunga 5 msimu wake wa kwanza Forest, lakini msimu mmoja hautoshi kumpa beki yeyote hesabu ya mabao matano kila mwaka. Ningempa mawili au matatu, kisha niyatazame yanayozidi kama zawadi.

Hakuna kati ya hayo linalolipa mchezaji akiwa benchi. Saliba alicheza kila dakika ya ligi 2023/24, zote 3,420, na kwa mabeki uhakika wa aina hiyo una thamani kuliko kipaji kinachopumzishwa kila baada ya wiki mbili. Hapa utabiri wa Agosti una mipaka. Gabriel, katika msimu ambao Arsenal ilifungwa mabao matatu tu ndani ya mechi kumi za kwanza, aliumia Novemba 2025 akiichezea Brazil dhidi ya Senegal, na hakuna jedwali lililoliona hilo likija. Yanayoonekana mapema ni mengine: idadi ya mashindano ya klabu, beki mpya aliyesajiliwa nafasi ileile, na kalenda ya timu za taifa. AFCON ya Morocco ilianza 21 Desemba 2025 na kuisha 18 Januari 2026, ikawachukua Wan-Bissaka na Axel Tuanzebe wa Burnley kwenda na DR Congo. Waendeshaji wa FPL waliwajazia mameneja uhamisho wa bure hadi kufikia tano katika wiki ya 16 ili kuziba pengo, lakini aliyekuwa na mabeki wawili wa Afrika na benchi dhaifu bado alilipia uzembe wa miezi minne.

Kwa msingi huo, ningegawa fedha hivi: beki mmoja au wawili wa timu yenye ulinzi wa kweli, ila wawe wale wenye kazi yao binafsi au tishio la kona, kisha wawili wa bei ya kati kutoka timu za katikati zinazokubali krosi, na wa tano wa bei ya chini anayeanza kila wiki. Wapo watakaosema afadhali kungoja klinshiti kwa kubadilisha mabeki wa bei nafuu kulingana na ratiba, nyumbani huyu, ugenini yule. Mbinu hiyo inafanya kazi kiasi, ila inamtaka meneja awe sahihi kila wiki kabla ya dakika 90 za mwisho kuelekea mechi ya kwanza, wakati vikosi bado havijatangazwa, na mara nyingi humwacha beki aliyefunga akiwa benchi.

Sababu kubwa ya kuanza na kazi ya beki mwenyewe ni kasi ya kujifunza. Baada ya mechi tano, beki mwenye wastani wa matukio 10 anakuwa amefanya kama 50, na mwenye 6 kama 30. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata mtu mwenye shaka ataiamini, na uhamisho wa bure aliouweka akiba unaweza kutumika kwa ushahidi. Katika mechi hizohizo tano, timu inayofungwa bao 1 kwa mechi inatarajiwa kuwa na klinshiti 1.8, na inayofungwa bao moja na nusu 1.1. Mwishoni mwa Septemba, anayezifuata klinshiti bado anabishana juu ya tofauti isiyofika mechi moja.